Nilivyompunja Bibi kwa Ajili ya Semineri ya Dada

Dada yangu alijifungua wakati semineri yake iko katikati, na mtoto hakujali. Semineri ni kitu cha chuo kikuu: wanafunzi wachache wa mastere, ile shahada ya pili, wanakaa na profesa wao, kila mmoja anapewa sehemu yake ya kusoma, halafu siku yake ikifika anawaeleza wenzake, na profesa anamhoji mpaka jasho limtoke. Ya dada ilihusu kuficha maneno. Yaani namna meseji au barua ya benki inavyofungwa ili mtu akiinasa njiani asiweze kuisoma, na namna itakavyofungwa siku zijazo, zitakapokuja kompyuta za aina nyingine kabisa, zinazotumia tabia za vitu vidogo sana kama chembe za mwanga. Wanaziita kompyuta za kwanta. Mimi shule niliishia darasa la tisa, nikaingia sokoni kuuza mawese na mama, lakini neno hilo nililipenda siku ile ile. Nilikuwa nalisema peke yangu nikiosha mabido, yale madumu ya mafuta.

Alikuwa amekuja Rumonge kuzalia nyumbani, maana mtoto wa kwanza unamzalia kwa mama yako. Mume wake alibaki Bujumbura kazini. Na kwetu sisi Waswahili wa Rumonge, mzazi hatoki ndani mpaka arobaini iishe. Anakandwa, anafungwa tumbo, anakunywa uji wa pilipili manga, na wanawake wa mtaa wanakuja kumuhemba: wanaleta sabuni, sukari, ndagala, yaani dagaa wa ziwani, kitenge, wanakaa, wanabishana mtoto amefanana na nani. Wanaume hawaingii. Hata baba wa mtoto anakohoa kwanza mlangoni.

Siku ya dada ya kuwaeleza wenzake iliangukia humo humo ndani ya arobaini. Mama alimwambia aahirishe, mwaka ujao si mbali.

"Nikiahirisha sirudi, mama," dada akasema. "Najijua. Mwaka ujao mtoto anatambaa, mwaka unaofuata kuna mwingine, halafu nitakuwa yule mama anayesema mimi pia nilikaribia kumaliza."

Mama mwenyewe husema hivyo hivyo juu ya kozi yake ya ualimu.

Profesa alikubali dada azungumze kutoka nyumbani kwa simu ya picha. Akampa nafasi hiyo moja. Ikiharibika, apumzike, waonane mwaka mwingine. Kwa hiyo tulijua wote mle ndani ya nyumba nini kiko mezani.

Sasa, profesa huyo alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alete shahidi, mtu wa nje, asiyejua hesabu. Mwanafunzi anamfundisha shahidi nyumbani kwake, halafu mbele ya semineri anaonyesha somo lake kwa mikono ya shahidi huyo, na profesa anamhoji shahidi, siyo mwanafunzi. Mwanafunzi ananyamaza. Mwenzake mmoja wa dada alimleta mwenye nyumba wake, mwingine shangazi yake ambaye ni muuguzi. Dada alinitazama mimi.

"Mimi?" nikasema.

"Nimchukue nani, mtoto?"

Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaza tayari nimekwenda Bujumbura, nimekaa kwenye kile chumba cha semineri na kalamu sikioni, wananiita shahidi kwa heshima. Mama alisema niache kucheka peke yangu, wateja wataogopa.

Basi kila jioni nikitoka sokoni nilijilaza chini kwenye mkeka, kando ya kitanda cha dada, yeye ananyonyesha na kunifundisha. Nusu ya kwanza ya semineri ilikuwa juu ya mwanga. Ukituma siri kwa chembe moja moja za mwanga, mtu akizichungulia njiani anaziharibu, na mpokeaji anajua zimechunguliwa. Nikasema hiyo nzuri sana, nani asingetaka barua inayomsema aliyeifungua. Akasema ni nzuri ila mitambo yake ni ghali, haifiki kwetu leo wala kesho. Ndiyo maana nusu ya pili ni hesabu tupu: kufuli mpya ambazo simu yoyote ya kawaida inaweza kuzitumia, na ambazo kompyuta ya kwanta haitazifungua.

"Na haraka ya nini, kama kompyuta zenyewe bado?"

"Kwa sababu iko watu wanakusanya meseji za leo. Hawawezi kuzisoma, wanaziweka tu. Siku wakipata mashine watazifungua."

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kigwena wakati huo, na tulikuwa tunaandikiana.

"Hata za kwangu?"

"Zako zina nini?"

"Hakuna."

"Basi tulia. Hakuna mtu ataweka 'umekula?' 'nimekula, na weye?' mpaka miaka hiyo yote."

Sehemu yake mwenyewe dada ilikuwa kufuli za makosa madogo. Unachukua hesabu iliyo sahihi, unaiharibu kidogo kwa makusudi, kiasi kwamba mwenye siri bado anaielewa na mwizi haielewi. Hapo ndipo nilipokwama. Alinichorea nyavu zenye mafundo, kwa sababu vitabu vyao vinazungumza juu ya nyavu, akaniuliza fundo lililo karibu na nukta hii ni lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ndiyo, hapa ni rahisi, sasa waza wavu wenye pande mia. Nikawaza. Niliona wavu mkubwa tu, na samaki wengi. Tulikwenda hivyo siku kadhaa, na dada alianza kuchoka, macho yakamwingia ndani, mtoto naye alikuwa halali.

Kilichotuokoa ni jirani aliyekuja kununua mawese nyumbani. Nilimpimia pale barazani, kikopo, kikopo, halafu nikamtilia kidogo juu kama kawaida, akaenda zake. Dada alikuwa kitandani karibu na dirisha, ananyonyesha, akaniona.

"Hicho ulichomtilia mwisho ni nini?" akaniuliza.

"Nyongeza."

"Kiasi gani?"

"Nyongeza haina kiasi. Ni nyongeza."

Aliinuka kitandani kwa ghafla hivi kwamba mtoto akapoteza ziwa na kuanza kulia. Akamrudishia ziwa bila kumtazama.

"Kaa hapa," akaniambia. "Sikiliza."

Chukua vikopo viwili, akasema, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, ukubwa wake tunaujua sisi wawili tu. Kila mteja anasema anataka vyekundu vingapi na vya kijani vingapi. Unampimia, na chupa yake inakaa mkekani hadharani pamoja na karatasi ya vikopo alivyopimiwa. Kama hakuna nyongeza, mtu aliyesoma atachukua kalamu, atalinganisha chupa na chupa, na muda si muda amejua ukubwa wa vikopo vyetu. Siri imekwisha. Lakini kila chupa ikiwa na nyongeza ndogo isiyojulikana, hesabu zake zinagombana: chupa hii inasema kikopo ni hivi, ile inasema vile. Na vikopo vikiwa vya rangi nyingi na chupa nyingi, hata kompyuta ya kwanta inachanganyikiwa.

"Sasa mtu anataka kuniletea jibu la siri, ndiyo au hapana," akaendelea. "Hahitaji kujua vikopo. Anachagua chupa baadhi pale mkekani, anazimimina ndani ya bido moja. Bido likijaa anamwaga lote, anaendelea. Tunahesabu kile tu kilichobaki ndani. Kama jibu ni hapana, anaacha hivyo. Kama ni ndiyo, anaongeza nusu bido. Halafu ananiambia jumla ya vikopo na mafuta yamefika wapi. Mimi ninayejua vikopo natoa humo kiasi cha vikopo hivyo. Kikizidi kidogo tu, hizo ni nyongeza zako, jibu ni hapana. Kikizidi kama nusu bido, ni ndiyo."

"Na anayechungulia?"

"Anaona mafuta. Hajui ni mengi kwa sababu ya vikopo au kwa sababu ya ndiyo."

Nilielewa. Nilielewa kabisa, mpaka nikamweleza mama usiku ule tukichambua ndagala, na mama akasema mbona ni biashara tu. Tulikata vikopo kutoka kwenye chupa za plastiki, tukavivalisha vitambaa mtu asione ukubwa wake, tukapata bido dogo na kijiti cha kupimia.

Kikabaki kikwazo cha mama.

"Mzazi haonekani na wanaume," akasema.

"Ni kwenye simu, mama."

"Simu ina macho."

Walibishana, halafu wakakubaliana na pazia. Tulifunga kamba katikati ya chumba, tukatundika shuka. Upande mmoja kitanda, dada, mtoto na daftari la hesabu. Upande mwingine mkeka, bido, chupa, mimi, na simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Semineri ingesikia sauti tu ya dada. Yeye alipenda: mwenye siri hatakiwi kuona chupa zikimiminwa, alisema, sasa hakuna atakayedhani nachungulia. Wala hakuona kwamba kuna kitu kingine asichoweza kukiona, na mimi pia sikuona.

Siku ilipofika wanawake walikuwa wamekuja kuhemba, kwa hiyo tuliwafanya wateja. Maji badala ya mafuta, kila mmoja na chupa yake. Alikuwepo na bibi jirani yetu wa nyuma. Ni mjane, watoto wake walitawanyika, mmoja yuko Uvira, wengine hata hawapigi simu. Sokoni huwa namjazia chupa mpaka mafuta yanatetemeka kwenye shingo, na mama anajifanya kutazama barabara.

Profesa akatokea kwenye simu, na wanafunzi nyuma yake.

"Hamjambo akina mama."

"Amahoro, mwalimu," mmoja akajibu, halafu akamgeukia mwenzake. "Huyu ni Mtanzania?"

"Ni wetu. Walikimbilia Kigoma akiwa mdogo, wakarudi."

"Anaongea kama redio."

Profesa alisikia, akacheka kidogo. Akasema shahidi aanze. Nilianza vizuri. Nilieleza vikopo, nyongeza, bido, nikasema kila kitu kama dada alivyonifundisha, na nilikuwa nasikia nyuma ya pazia kwamba hapumui. Wateja wakaja mmoja mmoja. Nilipima, nikatia nyongeza, chupa mkekani, karatasi juu yake. Mama alikaa mbele ya simu kwa sababu ndiye angemimina. Profesa akachagua chupa, halafu akainua karatasi mbele ya kamera bila kusema neno: HAPANA. Mama akaona, sisi wote tukaona, dada hakuona. Mama akamimina bila kuongeza kitu, akapima kwa kijiti, akasoma kwa sauti jumla ya vikopo na maji yalipofika.

Nyuma ya pazia kalamu ikakwaruza karatasi. Ikasimama. Ikakwaruza tena.

"Ndiyo," dada akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama aliniangalia mimi.

"Siyo," profesa akasema. "Nilisema hapana."

Halafu sauti ya dada, ndogo, akiniuliza mimi, siyo profesa: "Umetia kiasi gani?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya wapi?"

"Ya sokoni."

"Mwanafunzi anyamaze," profesa akasema, lakini kwa upole. "Shahidi, tueleze nini kimetokea."

Nilitazama chupa. Ya bibi ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Mkono wangu ulifanya peke yake, kwa kweli, sikuwa nimewaza.

"Nimezidisha," nikasema. "Nyongeza zimekuwa nyingi, zikafika karibu na nusu bido, akadhani ni ndiyo."

"Umewazidishia wote?"

"Hapana. Bibi. Na yule mama mwenye mtoto mgongoni. Na yule ambaye maji ya ziwa yalifurika nyumbani kwake."

"Kwa hiyo anayekujua tabia anajua chupa ipi imezidi."

"Rumonge nzima inajua," akasema mmoja wa wanawake, na hapo wakacheka wote, hata wanafunzi kule.

Profesa alisubiri waishe. "Basi hiyo haifichi kitu. Na bado shahidi hajanieleza nyongeza iweje ili ifiche. Nilisema nafasi ni moja, lakini kosa mmeliona wenyewe, nitawapa wiki moja. Ikishindikana tena, mama mtoto apumzike, tutaonana mwaka mwingine. Sitasema zaidi."

Simu ikazimika. Wanawake waliaga haraka haraka, kama watu wanaotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa. Bibi alisahau hata kusema mtoto amefanana na nani.

Dada hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alikaa na daftari mapajani, mtoto begani, na nilipofungua pazia aliniomba maji ya kunywa, basi. Mama alipoleta uji akasema labda Mungu anamwambia apumzike.

"Mungu hajasema kitu, mama," dada akajibu. "Ni mkono wa huyu."

Mama akacheka, dada naye akacheka kwa pua, na mimi nikapata nafasi ya kulia kidogo. Halafu tukaanza upya.

Alisema kosa lilikuwa la kwake pia, alidhani nyongeza yangu ni ndogo kwa sababu hajanunua mawese kwetu tangu aende chuo. Akashona kifuko cha kitambaa, akatia maharage. Jeupe, ongeza kijiko kimoja. La madoa, acha kama lilivyo. Jekundu, punguza kijiko. Nitie mkono bila kutazama, nifanye kama haragwe linavyosema, mteja awe nani awe nani.

"Kupunguza?" nikasema. "Nimpunje mtu?"

"Ni maji."

"Hata maji."

"Sikiliza weye. Ukiongeza siku zote, mwizi anajua kila chupa imezidi. Atapunguza kidogo kila moja, atakaribia ukweli. Lazima asijue hata upande gani umekosea."

Hilo nililielewa kichwani. Mkono ulikataa. Nilifanya mazoezi kila jioni. Haragwe jekundu likitoka, nilichota kijiko, na dada akipima baadaye anakuta nimechota nusu. Akisema mbona nusu, nasema kijiko kimeteleza. Mara moja nilipunguza sawasawa, halafu nikarudisha matone mawili bila kujua, akaniona, akafunika uso kwa kanga. Nilijaribu kujiambia naipunguzia chupa, siyo mtu. Kwa chupa isiyo na mwenyewe ilifanya kazi.

Nilimwuliza mama kama tunaweza kufanya safari hii bila bibi.

"Utamfukuza mgeni wa mzazi?"

Basi nikaenda kwa bibi mwenyewe. Alikuwa anapalilia mboga zake za lengalenga nyuma ya nyumba. Nilimwambia kesho nitapima kwa maharage, siyo kwa mkono wangu, na kama nikimpunguzia asiwaze vibaya.

"Kwani nimekosa nini?" akaniuliza.

Nilieleza tena, mwizi, kompyuta, upande gani umekosea. Alisikiliza yote.

"Sawa," akasema. "Lakini nimekosa nini?"

Niliondoka nikitumaini haragwe litakuwa jeupe.

Wiki ilipofika, pazia likapanda, simu kwenye kopo lake. Safari hii wanawake walikuwa wengi zaidi, habari ilikuwa imezunguka mtaa wote kwamba binti wa mama muuza mawese anahojiwa na profesa. Walikuja na chupa zao wenyewe. Profesa aliuliza kama niko tayari, nikasema niko tayari, na nyuma ya pazia dada alikohoa, ishara yetu ya polepole.

Nilipima. Jeupe, nikaongeza. Madoa, nikaacha. Yule mama mwenye mtoto mgongoni akapata jekundu, nikapunguza, akasema sawa tu. Nikaanza kuamini kwamba naweza. Halafu bibi akaja na chupa yake ya kawaida, ile ya mawese, aliyoiosha kwa majivu.

Niliingiza mkono kifukoni. Jekundu.

Nilisimama na kijiko. Profesa alikuwa anatazama, wanafunzi wanatazama, mama anatazama barabara ingawa hapakuwa na barabara mle ndani. Nilijua kabisa kwamba nikirudisha haragwe kifukoni hakuna atakayeona isipokuwa mimi, na kwamba kijiko kimoja hakiwezi kuharibu jibu. Nilijua pia kwamba dada yuko nyuma ya shuka na daftari lake, ameniamini vipimo vyote, hana njia ya kuvihakikisha. Kama mkono wangu ukichagua tena mtu, basi tumerudi wiki iliyopita.

"Mbona umesimama?" bibi akasema.

Nilichota kijiko kizima. Nikakimwaga ndani ya beseni.

Bibi aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Hata maji, mjukuu wangu?"

"Leo umepimwa kama mgeni kutoka Bugarama," mwingine akamwambia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Bibi hakucheka. Aliweka chupa mkekani, akakaa, akajifunga kanga upya. Mimi nilipima wateja waliobaki nikiwa sioni vizuri.

Profesa akachagua chupa, akainua karatasi. Mama akamimina, akapima, akasoma.

"Hapana," dada akasema.

Profesa akaandika kitu. Akachagua chupa nyingine, akainua karatasi nyingine. Mama akaongeza nusu bido safari hii, akijitahidi lisitoe sauti.

"Ndiyo."

Akabadilisha tena. "Ndiyo." Tena. "Hapana." Wanawake walikuwa wameacha kunong'ona. Walikuwa wanatazama pazia kama vile jibu litachomoza pale. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama mzazi ana kioo, mama akamwambia anyamaze.

"Sasa shahidi," profesa akasema. "Nyongeza iweje?"

"Iwe ndogo, zikikusanyika zisifike karibu na nusu bido. Na isimjue mtu."

"Eleza isimjue mtu."

"Iwe ya bahati. Isitazame nani ameshika chupa. Na iwe mara inaongeza, mara inapunguza, ili anayechungulia asijue hata imekosea upande gani."

"Na ikiwa ndogo sana, kama hakuna?"

"Basi atakayechukua kalamu atajua vikopo."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza lile ambalo sikulijua. "Na kwa nini kompyuta ya kwanta ishindwe?"

Nilisubiri labda dada atakohoa. Hakukohoa.

"Sijui," nikasema. "Dada alinieleza mara nyingi, mimi sikushika. Alisema tu hata nyinyi hamjui kwa hakika. Watu wengi wamejaribu kuifungua, hawajaweza, ndiyo mnaamini."

Nilidhani nimeharibu. Kule nyuma mwanafunzi mmoja alicheka, akazuia. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ni kweli," akasema. "Mama mtoto, uandike hivyo hivyo kwenye ripoti yako, kwa maneno hayo. Unaendelea na sisi. Na hongera ya mtoto."

Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti. Nilidhani ameondoka, lakini angeondoka kwenda wapi. Mama alishukuru, murakoze, mwalimu, murakoze sana, akamwambia profesa akipita Rumonge aje ale samaki wetu wa mukeke, halafu akabonyeza simu mahali pasipo, ikabidi nimsaidie kuizima. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, mmoja akaanza kumsifu mtoto mchanga, eti kwa kazi aliyofanya. Bibi alichukua chupa yake ya maji mkekani. Nilimwambia bibi, hayo ni maji tu, acha nitayamwaga.

"Ni yangu," akasema. "Nimepimiwa." Akaondoka nayo.

Nilifungua pazia. Dada alikuwa amekaa vilevile, mgongo ukutani, mtoto amelala mapajani juu ya daftari lenyewe, na machozi yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. Nilikaa pembeni yake kitandani.

"Alikuwa na uso gani?" akaniuliza.

"Nani?"

"Profesa. Aliposema naendelea. Mimi sikuona."

Nikamwambia. Kwamba alivua miwani, akaifuta kwa shati, kwa ile sehemu ya chini, na shati lilikuwa limekunjamana. Kwamba alitazama chini kwanza, halafu akatazama upande wa pazia kama vile anaweza kuliona kupitia simu. Kwamba hakutabasamu wakati anasema, alitabasamu baadaye, kwenye neno la mtoto.

"Alitazama pazia?"

"Alitazama."

Akamfunika mtoto miguu. "Sema tena," akaniambia, "uanze kwenye miwani."